Baba Mkwe Darasani

Consolatha hakumwacha mumewe kwa sababu ya kipigo, wala mwanamke mwingine, wala pombe. Aron Nkeshimana hakuwa mtu wa kuinua mkono, na hata pombe alikuwa akiiacha nusu kikombe akaenda kushughulika na jambo jingine. Alimwacha kwa sababu ya lori la ndizi.

Asubuhi hiyo mtoto wao Imelda, ambaye bado hakuwa ameanza shule, aliamka mwili ukichemka. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa inapatikana kwenye duka la dawa la Kabanga, mpakani, na kutoka kwao Murukulazo hadi huko si mwendo mdogo kwa baiskeli. Aron hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Alirukia baiskeli akakanyaga mpaka shati likamganda mgongoni.

Bondeni akakuta lori limezama kwenye tope. Vijana walikuwa wanalisukuma kila mmoja kwa upande wake, dereva anapiga kelele, na kila magurudumu yalipozunguka yalizidi kujichimbia. Aron alisimama atazame kidogo tu. Papo hapo akaona kosa lao. Akalaza baiskeli kwenye majani, akavua shati, akaanza kukusanya mawe. Akakata matawi ya mikaratusi, akawapanga watu, akaingia mwenyewe chini ya lori na jembe la kuazima. Jua lilipanda, likaanza kushuka, naye hakusikia njaa wala kiu. Lori lilipotoka watu walishangilia, na dereva akamfungia mkungu mzima kwenye keria ya baiskeli.

Alirudi nyumbani akiimba.

"Consolatha! Njoo uone nilicholeta!"

Nyumba ilikuwa tupu. Jirani alimjibu kutoka ng'ambo ya uzio: "Mkeo kaondoka na mtoto mgongoni tangu mchana. Degedege lilimshika. Kapata pikipiki, wamekimbilia Kabanga kwa njia ya kilimani."

Hapo ndipo neno "dawa" lilipomrudia Aron kichwani, akaigeuza baiskeli, mkungu ukiwa bado kwenye keria, akaelekea Kabanga.

Imelda alipona. Lakini Consolatha alikuwa amefika mwisho. Alikwisha kuvumilia shamba la maharage lililopaliliwa nusu, choo kilichochimbwa mpaka kiunoni kikaachwa, kuku waliosahauliwa nje wakaliwa na kicheche, na ahadi zilizotolewa kwa moyo mweupe zikapeperuka kabla ya jioni. Siku mtoto aliporuhusiwa, alimkuta Aron nje ya zahanati, akamwambia bila kupandisha sauti:

"Najua unatupenda. Hilo sina shaka nalo. Ila siwezi kumlea mtoto nikamlea na baba yake. Mimi nakwenda kwetu."

Akapanda pikipiki na Imelda, wakaenda kwa wazazi wake, upande wa pili wa kilima.

Aron alibaki kwenye benchi la zahanati kama mtu aliyesahau njia ya kwake. Ndivyo alivyokutwa na Asmaa.

Asmaa alikuwa muuguzi wa afya ya akili kutoka Biharamulo, binti wa Mzee Sabiti muuza vitambaa, ukoo wa watu waliotoka pwani zamani na biashara zao wakaota mizizi mjini pale. Kila Jumamosi alipanda basi la alfajiri kuja Kabanga kuendesha darasa dogo katika chumba cha nyuma cha zahanati. Alimwona Aron, akampita, akarudi.

"Kaka, kuna mgonjwa unamngoja?"

"Hapana, dada. Wameshaondoka."

"Mbona wewe hujaondoka?"

Aron akamweleza yote: homa, baiskeli, tope, mkungu wa ndizi. Hakujitetea. Mwisho akasema, "Kama ningekuwa mlevi, ningeacha pombe. Kama ningekuwa mvivu, ningejilazimisha. Lakini siku ile nilifanya kazi kuliko punda. Niambie, dada, mimi niache nini?"

Asmaa akakaa kwenye benchi. "Umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu shule. Mwalimu alikuwa akiniita Upepo."

Muuguzi hakucheka. Alimuuliza maswali mengine mengi, kisha akamwelekeza kwa daktari mjini Biharamulo. Aron alikwenda. Daktari alimhoji kwa utulivu, akampigia simu dada yake mkubwa kuulizia utoto wake, akampima na mambo mengine yanayoweza kuleta hali kama ile. Mwishowe akamwambia kwamba ana hali ya umakini usiotulia, ambayo wataalamu huiandika kwa herufi nne, ADHD. Kwamba amezaliwa nayo. Kwamba si uvivu wala si laana ya mtu. Dawa zake hazikuwa rahisi kupatikana karibu, lakini darasa la Kabanga lilikuwepo.

"Kuna wengine?" Aron aliuliza.

"Wako wengi," daktari akajibu. "Nenda ukawaone."

Jumamosi iliyofuata aliwaona. Alikuwepo Gaudence, mama muuza vitenge, ambaye aliwahi kuvuka mpaka na kurudi salama akiwa ameacha mzigo wote wa vitenge saluni kwa msusi upande wa Burundi. Alikuwepo Abdulkarimu, fundi simu, ambaye kibandani kwake kulikuwa na simu nyingi zilizofunguliwa kuliko zilizofungwa. Walikuwepo wakulima, dereva mmoja, na mwalimu mstaafu ambaye miguu yake haikutulia chini ya benchi. Kila mmoja alipoeleza kisa chake wengine walicheka mpaka machozi, na Aron akashangaa kugundua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake watu wanacheka habari hizi naye haumii.

"Msidhani hamna umakini," Asmaa aliwaambia. "Mnao mwingi sana. Tatizo lake ni kwamba hauji ukiitwa, na ukija hautaki kuondoka. Aron, siku ya lori umakini wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa ndani ya tope, dada."

"Wote?"

"Wote. Hata mwanangu hakubakiziwa."

Gaudence akanyoosha mkono akamshika bega.

Asmaa aliwafundisha mambo ambayo ukiyasikia unaweza kuyaona madogo. Aliwafundisha kutaja: kabla hujatoka nyumbani unamwambia mtu kwa sauti unakwenda kufanya nini, na ukikutana na jambo la kukuvuta njiani unasimama na kulitaja tena lile la kwanza kabla hujagusa la pili. Aliwafundisha kazi ya wawili: mtu mwenye kazi inayomshinda kuimaliza amwite mwenzake akae karibu, hata kama mwenzake huyo anamenya mihogo tu. Aliwafundisha kukata kazi kubwa vipande. Waliyajaribu wiki nzima, wakashindwa mengi, wakarudi Jumamosi kusimulia walivyoshindwa, na hakuna aliyekaripiwa.

Kisha akasema, "Wiki ijayo kila mmoja aje na mtu wa nyumbani kwake. Hali hii hamuishi nayo peke yenu."

Aron alikwenda kwa wakweze. Aliwakuta uani. Baba mkwe wake, Mzee Ndizeye, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kujaza bonde. Mama mkwe wake, Rozalia, alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, mwenye maneno machache. Aron akaketi pembeni kwa heshima, macho akayaelekeza chini.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Rozalia akajibu.

"Marahaba," Ndizeye akasema baada ya kukohoa. "Umekuja peke yako? Mshenga yuko wapi? Mtu aliyekosa haji kumdai mke mikono mitupu."

"Sijaja kumdai, baba. Nimekuja kumwomba mwenzangu anisindikize darasani."

Akaeleza. Consolatha alitokea mlangoni na Imelda kiunoni, akasikiliza yote, kisha akatikisa kichwa.

"Nafurahi umepata mahali pa kusaidiwa," alisema, na ilikuwa kweli. "Lakini mimi siendi. Nimechoka kutembea nyuma yako nikiokota unavyoangusha."

Ndizeye akacheka kwa dharau. "Darasa la wasahaulifu! Siku zetu dawa ya uvivu ilikuwa kiboko."

Rozalia, aliyekuwa anapepeta mtama, hakuinua macho. "Basi nenda wewe, Baba Consolatha. Nenda ukalione, uje utuambie."

Kila mtu alishangaa, na Ndizeye zaidi ya wote. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kuona mambo kwa macho yake, na tayari alikuwa amesimama.

Jumamosi asubuhi Aron alimpitia. Walitoka, wakapiga hatua chache, na mzee akasimama: amesahau kofia. Kabla hajageuka, Rozalia alikuwa nyuma yao na kofia mkononi, na simu ya mzee, na vidonge vyake vya presha vimefungwa kwenye karatasi. "Kitufe cha juu," akasema, na mzee akafunga kitufe bila kuangalia, kama mtu anayefukuza nzi. Aron aliliona hilo lakini hakulifikiria. Njiani mzee alimsema mkwewe mwendo mzima, juu ya uvivu, juu ya vijana wa siku hizi, juu ya mashamba. Alianza hadithi tatu na hakumaliza hata moja, maana kila aliyekutana naye alimsalimia na kumletea hadithi nyingine.

Darasani walijaa. Asmaa aliwakaribisha wageni, akaomba wanaotaka waeleze kile wanachokiona nyumbani. Mume wa Gaudence alizungumza. Mama mzazi wa Abdulkarimu alizungumza, akalia kidogo, akasema anashukuru kwamba sasa kuna jina la kuliita. Ndizeye hakungoja zamu yake.

"Mimi nasema hivi. Huyu mkwe wangu si mtu mbaya. Lakini mtu mzima anayetumwa dawa akaleta ndizi, huyo ni..." Akatazama dirishani, ambako mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki iliyogoma. "Yule anaimiminia mafuta bure. Shida yake ni plagi." Akatoka nje. Watu wakasikia sauti yake ikimfundisha mwenye pikipiki. Baada ya muda pikipiki ikaunguruma, naye akarudi akipangusa mikono. "Nilikuwa nasema nini?"

Abdulkarimu aliinamisha kichwa asionekane anatabasamu. Asmaa akauliza, taratibu sana, kwa heshima:

"Baba, nyumbani nani anakukumbusha mambo?"

"Mimi? Mimi sikumbushwi na mtu. Rozalia ananiambia tu."

"Anakuambia nini?"

"Mambo ya kawaida. Kwamba mbuzi hawajafungwa. Kwamba leo kuna kikao cha kijiji. Kwamba nimeacha jembe mtoni. Kwamba nimemuahidi fulani hiki na kile." Alikuwa anahesabia vidole, na vidole vilikuwa vinaisha. "Kwamba nimeshakula. Au sijala."

"Na siku asipokuambia?"

Ndizeye alitazama kofia iliyokuwa mkononi mwake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hajawahi kuacha kuniambia," akasema.

Akakaa. Hakusema tena mle darasani, na watu waliomfahamu Ndizeye watakuambia kwamba jambo hilo peke yake lingetosha kuwa habari ya kijiji.

Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, mzee akauliza, "Hiyo hali, dada Asmaa anasema mtu anazaliwa nayo?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuzeeka nayo asijue."

"Anaweza."

"Kama kuna mwingine anajua kwa niaba yake," mzee akasema, na kwenda mbele.

Jumamosi iliyofuata Aron alipotoka kwake alimkuta baba mkwe wake amekwisha kufika njia panda, anamngoja. "Sikuitwa," Ndizeye akasema, "ila nimetaja. Nimemwambia Rozalia: nakwenda darasani, narudi kabla ya ng'ombe." Asmaa alimpokea. Alimwambia wazi kwamba hawezi kumpa jina la hali yake bila kupimwa na daktari, na kwamba umri nao una mambo yake. Mzee alisema atakwenda Biharamulo kupimwa siku itakapopangwa, lakini kwa sasa anaomba benchi. Akapewa benchi, karibu na mwalimu mstaafu, na miguu ya wote wawili ikawa inacheza pamoja chini yake.

Ilipofika kazi ya wawili, Asmaa aliwataka wachague mwenza na jambo moja lililoachwa njiani. Ndizeye alimtazama mkwewe. "Jiko la Rozalia," alisema.

Jiko hilo alilianza Imelda hajazaliwa. Kuta za matofali zilisimama usawa wa dirisha, zikaota majani, na Rozalia aliendelea kupikia kwenye kibanda kinachovuja. Hakuwahi kulalamika, au labda alilalamika mwanzoni na baadaye akaacha. Sasa wale watu wawili wakalirudia: mmoja akijenga, mwingine akikaa. Siku nyingine Aron alipanga matofali, na Ndizeye akakaa kwenye gogo akisuka kamba, akimwita kila macho ya Aron yalipoanza kutangatanga: "Mkwe. Tofali." Siku nyingine ikawa kinyume. Mzee alikuwa anaona kichuguu, anaona mti unaofaa mpini, anaona mgeni barabarani, na Aron, ambaye maisha yake yote alikuwa anaitwa yeye, alijikuta anasema kwa upole, "Baba. Udongo unakauka."

Waligombana pia. Siku moja waliacha wote wawili kazi wakaenda kusaidia kumtoa ndama shimoni kwa jirani, na walirudi jua limeinama wakachekana kwa aibu. Consolatha aliwaona. Alitegemea kusikia visingizio. Badala yake alimsikia Aron akisema, "Tumeangusha leo. Kesho tunaanzia kwenye mlango." Na kesho yake wakaanzia kwenye mlango.

Paa lilipandishwa siku ya jua kali. Walipogongelea bati la mwisho, Ndizeye alishuka ngazi, akasimama mbele ya mkewe. Rozalia alikuwa amekuja na maji ya kunawa, kama kawaida, kabla hajaombwa.

"Rozalia," mzee akasema. Akakwama. Katika nyumba ile waliombana samahani mara chache, na kushukuriana hakukuwa desturi ya mume na mke. Mtu hushukuru mgeni. Akajaribu Kiswahili cha darasani, kikamshinda. Akarudi kwenye asante ya lugha ya mama yake. "Urakoze," akasema.

"Ya nini? Maji?"

"Ya kichwa. Umekuwa ukifikiri kwa ajili yako na kwa ajili yangu tangu nilipokuoa, na mimi nikatembea kijijini nikijisifu kwamba sijawahi kukosa kikao hata kimoja." Sauti yake kubwa ilikuwa imepungua hata Aron, aliyekuwa juu ya ngazi, alisikia kwa shida. "Sikujua. Sasa najua. Urakoze cane."

Rozalia aliweka ndoo chini. Alikaa juu ya matofali yaliyobaki, akafunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Consolatha alikimbia kumshika, akidhani analia tu. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Mimi nilidhani ndivyo ndoa ilivyo," alisema. "Nilidhani wanawake wote wamechoka hivi."

Jioni, mama na binti wakiwasha moto wa kwanza katika jiko jipya, Consolatha aliuliza lile lililokuwa linamkaa moyoni. "Mama, unanishauri nirudi?"

Rozalia alipuliza makaa kwanza. "Usirudi ukawe kama mimi. Mimi sikuwa na wa kumwambia, na baba yako hakuwa na darasa. Kama unarudi kumbeba, baki hapa, chakula kipo. Lakini yule kijana nimemtazama. Kila jioni anaondoka hapa anasema kesho atafanya nini, na kesho nakaa nikingoja nione. Mara nyingi anafanya. Asipofanya, anasema mwenyewe kabla hajaulizwa."

"Mara nyingi si kila mara."

"Hapana. Si kila mara." Rozalia akafunika chungu. "Hilo ulipime mwenyewe."

Consolatha alilipima kwa wiki kadhaa. Kisha Jumamosi moja alimvalisha Imelda gauni, akafuatana na baba yake na mumewe mpaka Kabanga. Ilikuwa siku ya mwisho ya kundi lile. Asmaa alimpa nafasi ya kusema, naye akasimama, Imelda amembana kifuani.

"Nilikuwa na hasira na mume wangu, na sehemu ya hasira ile bado ninayo. Mwanangu angeweza kufa." Aron hakuyakwepa macho yake. "Lakini nimekulia katika nyumba ya namna hiyo hiyo bila kujua. Nilimpenda Aron kwa sababu alikuwa anacheka kama baba, anasaidia watu kama baba. Kumbe nilichukua na hili lingine. Leo sikuja kulalamika. Nimekuja kuwashukuru nyinyi mliokaa na mume wangu kwenye mabenchi haya nilipokuwa siwezi kukaa naye. Mama Gaudence, najua unampigia simu kila Jumatatu. Fundi, nimesikia ulifunga king'ora kwenye simu yake kinachosema 'Aron, taja!' kwa sauti yako. Kinatisha mbuzi." Watu wakacheka. "Asanteni. Mimi narudi kwangu. Ila na mimi nataka benchi, kundi lijalo, niwe mtu wa nyumbani. Nijifunze lini kusaidia na lini kuacha."

Aron akamchukua Imelda kutoka mikononi mwa mkewe, akamshika vizuri, na Consolatha akamwachia.

Asmaa aliondoka na basi la mchana. Kwenye kiti cha karibu yake alikaa Rozalia, amevaa kitenge kipya, kikapu magotini. Alikuwa anakwenda Biharamulo kwa mdogo wake, ambaye hakuwa amemtembelea tangu Consolatha akiwa binti mdogo, maana kila alipopanga safari aliwaza mbuzi, vidonge, kikao, kofia.

"Mama, mzee atabaki na nani?" Asmaa aliuliza walipokuwa wanapita Benaco.

"Atabaki na yeye mwenyewe," Rozalia akasema. "Vidonge amevitundika karibu na mswaki. Kuhusu mbuzi, amemwomba Aron ampigie simu jioni amkumbushe. Kama atasahau chumvi kwenye mboga, atakula bila chumvi." Akatafakari kidogo. "Na wewe, binti yangu, nani wako alikufanya ujifunze kazi hii?"

"Kaka yangu, Taufiki. Alifukuzwa shule tatu. Nyumbani tulimpiga sana kwa maneno. Siku hizi ana karakana ya useremala, na mke wake anamkumbusha kula."

"Mwambie huyo mke shikamoo yangu."

"Ni mdogo sana kwako, mama."

"Hata hivyo mpelekee."

Asmaa alicheka, akaahidi. Rozalia alifungua kikapu akamkatia kipande cha mkate wa ndizi, akajikatia na chake. Vilima vya Ngara vilikuwa vimeanza kubaki nyuma, na barabara ilikuwa inanyooka kuelekea Nyakahura. Simu ya Rozalia ilikuwa kimya ndani ya kikapu. Mara moja mkono wake uliikaribia, kwa mazoea, kisha ukarudi magotini. Aliegemeza kichwa dirishani, na kabla ya Lusahunga alikuwa amelala.